Bi Nemoto Anakiacha Kiti cha Kaa

Leo, tarehe 31 Machi, Bi Nemoto Fusae anastaafu, baada ya miaka kumi na miwili ya kuendesha roboti za kusafisha jengo letu lenye mionzi. Nimeombwa niandike mimi, Sakuma mvuta kebo, maana wenye shahada wangeandika ukweli mtupu na msomaji angesinzia. Nimetembea bandari za watu, nimekula vya Lisbon na vya Manila, na nasema bila kupepesa jicho: dereva kama huyu sijamwona.

Ni mzaliwa wa pwani hii hii ya Fukushima. Kabla ya ajali alikuwa dereva wa kreni bandarini Onahama. Bahari ilipopanda nchi kavu na kiwanda cha umeme wa nyuklia kikaharibika, alihamishwa yeye na mama yake, wakalala kwenye mikeka sakafuni mwa ukumbi wa shule. Walipotafutwa watu wa kuongoza roboti mle asimoweza kukaa binadamu, alijitokeza. Kijana wa ofisini akamuuliza kama amewahi kucheza michezo ya kompyuta.

"Mwanangu," akajibu, "mimi nimecheza na tani za makaa ya mawe juu ya vichwa vya watu. Hiyo kompyuta yako ina uzito gani?"

Wakampa Kaa, roboti wetu mfupi mwenye mkono mmoja mbele na mkia wa kebo nyuma. Kwa mkono ule aliondoa mabomba yaliyoanguka na kuzoa vumbi ambalo wewe na mimi tusingelisogelea. Mimi nipo nje ya ukuta, yeye chumba cha uongozaji, sauti yake kwenye redio: "Sakuma, legeza! Sasa vuta, lakini kama unavyomvuta mkeo blanketi. Asiamke!"

Lakini wasifu usio na doa ni wa maiti. Vuli moja Kaa alikuwa amesafisha njia hadi mlango wa ndani kabisa, njia ya pekee tuliyokuwa nayo. Amegeuka, anarudi, kebo imelala mbele yake. Msimamizi wetu, Bwana Wakui, akampigia redio kumshukuru. Sasa, nani kwetu anashukuriwa akakaa wima kama mlingoti? Bi Nemoto akaiinamia redio kwa adabu zake zote. Kifua kikasukuma kijiti cha kuendeshea, Kaa akaruka mbele, akapanda kebo yake mwenyewe, akanasa katikati ya mlango.

Kebo ikikatika, Kaa amekufa na njia imezibwa. Wa kwenda kumburuta ni watu. Mimi na mwenzangu Haga tulikwisha kuanza kuvaa, glavu juu ya glavu, tukitaniana ili tusitazamane usoni.

"Vueni!" redio ikafoka. "Hakuna mtu atakayekula mionzi kwa ajili ya kiuno changu."

"Bi Nemoto, hakuna njia nyingine," akasema Bwana Wakui.

"Ipo. Na wewe, baba, nakuomba, usinishukuru tena."

Alimkumbuka mama yake akiinuka mkekani kule ukumbini: kiganja chini kwanza, kisha upande mmoja, kisha pumzi. Akaukandamiza mkono wa Kaa sakafuni. Mkono uliumbwa kuokota, si kubeba mwili. Ulilia mpaka tukausikia redioni. Upande mmoja ukanyanyuka kidogo.

"Sakuma, blanketi!"

Nikavuta. Na pwani nzima hakuna anayenishinda kuvuta. Kebo ikachomoka chini ya Kaa ikiwa nzima, naye akatoka kwa miguu yake, na kwa mlango ule roboti wakubwa wanaingia hadi leo. Haga akavua glavu akala tonge lake la wali kama mtu aliyezaliwa upya.

Tangu siku ile ukutani kuna amri: ALIYESHIKA KIJITI HAINAMI. Bi Nemoto ameitii. Tumemshukuru mara ngapi, naye akitujibu kwa kope tu!

Dada, asante. Nenda kwenye mipersimoni yako, miti yako ya matunda, ambayo udongo wake sasa umesafishwa mionzi. Maisha yakutendee wema, na mgongo usikuume, maana leo una kazi nao.

Ndugu wafanyakazi, wekeni vijiti chini. Simameni, tumwinamie. Naye mikono yake ni mitupu. Mwacheni ainame mpaka aridhike.