Mama Tope na Alama Nyekundu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mkuu wa maabara yetu ya mashapo ya ziwa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwetu sote yeye ni Mama Tope, na huitika bila kinyongo.

Kazi yake ni rahisi kuieleza, ngumu kuifanya. Ardhi ikitetemeka, kingo za ziwa huporomoka chini ya maji, udongo ukatimka, kisha ukatua na kuacha tabaka nene: mchanga mzito kwanza, tope laini juu yake. Yeye hutoka na mashua, hudidimiza bomba refu kwenye sakafu ya ziwa, hulipasua kwa urefu na kusoma yaliyotokea kabla babu zetu hawajazaliwa. Alipoajiriwa, shemeji yake alimwuliza kama kweli alisoma chuo kikuu ili achezee matope. Alimjibu kwamba watoto wote huanza hivyo, ila yeye analipwa.

Miaka mingi iliyopita, mji ulipanga kujenga hospitali karibu na ziwa. Hata wazee hawakukumbuka tetemeko kubwa, kwa hiyo ukachorwa msingi wa kawaida tu. Mama Tope alikuwa ametoa mabomba manne kutoka pande nne za ziwa. Matatu yalikuwa na tabaka nene la umri ule ule. Mafuriko yangeacha tope lake karibu na mto unapoingilia. Kutikisa pande zote kwa pamoja ni kazi ya tetemeko. Lakini bomba la nne lilipinga: tope laini chini, mchanga juu. Kwa ajili ya bomba hilo moja ushahidi wote ulitiliwa shaka, na kikao cha wahandisi kilikuwa kimekaribia.

Alishinda ameshika tama. Mwishowe akainusa ncha ya chini, akakuta harufu mbichi ya tope la juu kabisa la sakafu ya ziwa, ile ya yai viza, ambayo ilipaswa kuwa ncha ya juu. Bomba lilikuwa limesimama kichwa chini, na aliyeandika “juu” upande usio wake ni yeye mwenyewe.

Wengi wetu tungenyamaza. Yeye alifungua maelezo yake kikaoni kwa kutaja kosa hilo, ndipo akaonyesha matabaka manne, sasa yakikubaliana. Mhandisi mkuu, mtu mgumu kushawishika, alituambia baadaye kwamba mtu anayejiumbua mwenyewe kwanza hana sababu ya kudanganya. Michoro ikarudiwa, msingi ukaimarishwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama Tope hakusubiri hata huo ufa.

Tangu hapo kila bomba hupakwa rangi nyekundu upande wa juu kabla ya kushuka majini. Mumewe anasema hata kopo la unga nyumbani lina alama.

Tetemeko halijaja. Wapo wanaomtania kwamba saruji ile ilipotea bure, na najua utani huo humchoma, ingawa hucheka. Wajukuu wake wawili wamezaliwa katika hospitali hiyo.

Asante, Mama Tope. Brashi ya rangi tumebaki nayo. Nenda ukapumzike, miguu ikiwa mikavu hatimaye. Tunakutakia maisha marefu na mema, na tunakuombea kile ambacho hakuna mtaalamu anayeombewa: isifike kamwe siku ya kuonyesha kwamba ulikuwa sahihi.