Kiwiko cha Mpishi: Maisha ya Mama Futi

Marehemu alikuwa na sharti moja kazini: hakati ubao kabla ya kupima kimo cha kiwiko cha mpishi mwenyewe, akiwa amesimama, viatu vyake vya jikoni miguuni. Alilivunja mara moja tu, naye asingependa tulifiche leo.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kitindamimba wa fundi seremala. Alisoma shule ya msingi jirani na karakana ya baba yake, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1984 akapata stashahada ya usanifu majengo. Tangu hapo alijenga majiko ya nyumba, hoteli na mabweni, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Ndipo watu wakamwita Mama Futi.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na mwoka mikate aliyekuja kuagiza meza ya kukandia unga. Mume hupenda kusimulia: "Huyu alinipima kiwiko kabla hajaniuliza jina." Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1998 alikabidhiwa jiko la shule ya bweni. Wapishi walikuwa wawili: mmoja mrefu kama mlingoti, mwingine wifi yake, dada wa mumewe, aliyemfikia mwenzake begani. Muda ulimbana, lakini huo si udhuru, na yeye hakuwahi kuutumia. Alijumlisha vipimo vya wote wawili, akagawa kwa mbili, akajenga.

"Wifi, hili umempimia nani?" wifi aliuliza siku ya kwanza, mabega yamempanda masikioni.

"Nimechukua katikati yenu."

"Basi huyo wa katikati mlete, aje apike."

Walicheka. Mama Futi akaahidi kulishusha shule ikifungwa. Kabla haijafungwa, wifi alipanda juu ya kreti ili akoroge uji. Kreti likateleza, sufuria ikampindukia.

Marehemu alilibomoa jiko lile kwa mikono yake na kujenga mengine mawili, kila mpishi na lake. Kila Jumapili alikwenda kumpikia wifi.

"Yameisha, wifi. Kaa chini."

"Kwako yameisha," Mama Futi alijibu, akaendelea kumenya.

Aliugua figo tangu mwaka 2019, akafariki nyumbani tarehe 3 Juni 2024, mume na binti mkubwa wakiwa kando yake.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja na wifi yake. Mungu ampe pumziko ambalo mwenyewe hakujipa.

Wifi yuko nasi hapa, mstari wa mbele. Vidole vya mkono wake wa kushoto havikukunjuka tena.