Mzee Fidelis Anastaafu, Maji ya Mofu Hayajaamua

Mzee Fidelis Beatus anastaafu Jumatano hii, tarehe 30 Aprili 2025, baada ya kusoma maji ya Mto Kilombero pale Mofu kwa miaka thelathini na minne kasoro miezi miwili. Ofisi imeniomba mimi, Raimundi wa boti, niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe, maana nimemsafirisha tangu boti ikiwa mpya nami nikiwa na meno yote. Nimeambiwa niandike kwa furaha. Nitajaribu. Ila hii ni wiki mbaya ya kumuaga msoma maji.

Kwa wageni waalikwa: kule Mofu, ukingoni mwa mto, umesimama ubao wenye namba kama rula ya mwanafunzi. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri Fidelis hushuka, akaangalia maji yamefika namba gani, akaandika daftarini, akatupigia simu ofisini Ifakara. Kwenye mita tano na nusu kuna mstari mwekundu. Maji yakiuvuka, kesho yake yako mashambani, na keshokutwa yako uvunguni mwa kitanda.

Fidelis ni Mpogoro, mtu wa Mahenge, huko milimani ambako ukiona maji mengi ujue yamo kwenye pipa. Alipoteremka bondeni mwaka 1991 hakujua kuogelea. Mpaka leo hajui. Hilo halimo kwenye faili lake, nami naliandika sasa kwa kuwa hamuwezi tena kumfukuza.

Tatizo lake la kwanza lilikuwa kwamba watu wa Mofu hawakuamini namba. Walimwangalia mkewe. Mama Merina akipandisha magunia ya mpunga kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, basi kijiji kinafunga virago. Asipopandisha, hata redio iseme nini, watu wanaendelea na pombe yao.

Sasa mwaka 2007 Mama Merina alipandisha magunia. Fidelis alikuwa huku Ifakara kwenye mkutano. Alphonce, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake, akayaona magunia yako juu, akaswaga mifugo yote kuelekea Mchombe. Fidelis anarudi zake, anakutana na ng'ombe mia mbili njiani. Akajisemea, Msukuma hahamishi ng'ombe kwa mchezo, huyu kaona kitu. Akapiga simu ya hatari hapo hapo, bila kwenda kuangalia ubao. Kijiji kizima kikahama. Siku mbili tumekaa uwanja wa kanisa, kukavu kabisa, mto unateremka zake polepole. Kumbe Mama Merina alikuwa anawakimbia panya! Alphonce hajasamehe. "Ng'ombe wangu wametembea siku nzima kwa ajili ya panya wa Mpogoro," huwa anasema, na akishasema anacheka peke yake.

Fidelis hakucheka. Alijiandikia mwenyewe barua ya kosa, akaileta ofisini kwa mkono. Tangu siku hiyo akaweka utaratibu ambao hakuna mwingine anao: alichokiona kwa macho anaandika kwa wino, asichokuwa na hakika nacho anaandika kwa penseli, namba mbili, ya chini na ya juu, na ni lazima arudi kuangalia tena baada ya saa moja. Mhandisi Anselim, mkuu wetu, aliwahi kumrudishia daftari na ujumbe: andika namba moja. Daftari likarudi na namba zile zile mbili, na salamu.

Nisisahau semina. Mwaka juzi alikuja mtaalamu kutoka chuo fulani kutufundisha habari za utata, yaani jambo lisilo na jibu moja. Ukumbi ulijaa wasomi, na wasindikizaji kama mimi niliyeishia darasa la nne. Mtaalamu akataka kila mmoja aseme utata ni nini katika kazi yake. Daktari akasema ni homa ambayo kipimo hakiioni, naye huanza kutibu huku akisubiri majibu mengine. Hakimu akasema shaka ni mali ya mshtakiwa. Ikiwepo, anakwenda nyumbani. Mtu wa takwimu akasema hakuna cha kuogopa, shaka hupimwa kama sukari, ukaandika umezidisha kiasi gani na umepunguza kiasi gani. Mwalimu wa fasihi akasema kwake huo ndio utamu wenyewe. Shairi lenye maana moja ni tangazo la mnada. Padri akasema shaka nyingine haziishi, unapiga nazo magoti. Tukapiga makofi, tukanywa soda.

Fidelis akanyoosha mkono wakati chupa zinakusanywa.

"Shikamooni wakubwa. Mnaongea kana kwamba shaka ni mnyama mmoja. Ya hakimu inamfungua mtu. Ya mwalimu inamfurahisha. Ya kwangu inamzamisha. Mto hausubiri ushahidi utoshe. Kwa hiyo naomba kila mtu akisema ana shaka, atuambie pia ikiwa kakosea, nani ataumia."

Mtaalamu aliandika maneno hayo. Mimi nilikula keki ya Fidelis, maana alikuwa amesimama.

Sasa tufike kwenye wiki hii. Mwezi wa pili ilifungwa mashine ya kupimia maji pale Mofu, inatuma namba yenyewe kwenye simu za wakubwa, namba moja, safi, haina penseli. Ndiyo itakayobaki Fidelis akiondoka. Tangu Ijumaa mashine inasema mita tano na sentimita kumi na mbili, haipandi haishuki. Lakini Alhamisi usiku gogo liligonga ubao ukainama, na majani yaliyosombwa na mto yamejisokota kwenye mguu wa mashine. Fidelis anaangalia, anasema huenda ni tano na kumi, huenda ni tano na arobaini na tano. Huko milimani Udzungwa mawingu yamekaa kama wageni waliokuja na mikeka yao.

Binti yangu Levina ana ekari nne pale Mofu. Mpunga umeshainama, umebakiza siku kumi avune. Akihama sasa, ndege na ng'ombe hawatambakizia hata wa mbegu. Akibaki, ana watoto watatu, na mto ni huu huu mliousikia. Anapiga simu kila asubuhi.

"Baba, baba mdogo Fidelis kasemaje?"

"Kasema hajui."

"Hajui vipi, miaka yote hiyo?"

"Ndiyo maana hajui, mwanangu. Mashine ndiyo inajua."

Nilitania, kisha nikaenda kujaza mafuta kwenye boti.

Jana Jumatatu Fidelis alipaswa kuja Ifakara kusaini karatasi za kustaafu. Alichelewa. Alipita kwanza shambani kwa Levina, viatu vimejaa tope, akamwambia hivi, na namnukuu kama alivyoniambia Levina mwenyewe: "Watoto wavuke leo. Kwa watoto hatubahatishi. Mpunga uache usimame, na wewe kaa nao, mtumbwi uwe karibu na simu iwe na chaji. Nikitoka kusaini naangalia kila saa moja. Nikikupigia usiniulize namba, ondoka." Watoto wako kwangu tangu jana jioni. Wamemaliza sukari.

Ndugu Anselim alimkumbusha kwamba kuanzia Alhamisi hatakuwa na wajibu wowote pale mtoni. Fidelis akasema amesikia. Akaomba mashine isafishwe majani na ubao unyooshwe, akasaini, akaomba nimrudishe Mofu kwa boti kabla ya saa tisa. Njiani alikuwa anaangalia maji upande wake, na mimi nikajikuta naangalia upande wangu.

Fidelis, kwa niaba ya ofisi, ya watu wa Mofu, na ya Alphonce ambaye ameahidi kuja na maziwa ila hakuahidi kunyamaza, tunakushukuru. Miaka yote hii umetuambia ulichokijua, na ulichokuwa hukijui hukutuficha, hata tulipokuomba utufiche. Mama Merina, asante kwa kumvumilia mtu anayetoka kitandani kwenda kuangalia kama bado hajui.

Tunakutakia uzee wenye usingizi mrefu, mifupa mikavu na wajukuu wengi. Mungu akupe pumziko hilo, Fidelis. Ila tafadhali ndugu yangu, usilianze wiki hii.