Picha Nzima ya Mama Giza

Marehemu shangazi yetu, Mama Giza kwa waliofanya naye kazi, alizaliwa tarehe 12 Machi 1946 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, kitindamimba wa fundi cherehani na mkunga.

Alimaliza sekondari mwaka 1963. Mahali pa tabia, cheti chake kina neno moja: mbishi. Alikitundika sebuleni.

Mwaka 1965 aliajiriwa gazetini kusafisha picha. Kwa miaka tisa, picha za kesi zote kubwa, za wauaji, wezi wa benki na matapeli, zilipita katika beseni zake za dawa. Huko ndiko alikoposwa. Mpanga chapa mmoja alifungua mlango wa chumba cha giza bila kubisha hodi.

"Nimekuja kukuposa," akasema.

"Funga mlango kwanza, baba. Filamu za watu zinaungua."

Walioana tarehe 5 Desemba 1970.

Agosti 1974, mchukuzi wa sokoni alishtakiwa kwa kumuua fundi saa. Polisi walidai amekiri kwa hiari yake. Gazeti lilimtoa ukurasa wa mbele akiwa amefunika uso kwa mikono, na chini yake maneno: "Muuaji aona haya." Shangazi ndiye aliyeisafisha picha hiyo, na ndiye aliyeamriwa na mhariri kuikata. Picha nzima ilionyesha rungu la askari likimshukia kichwani. Mtu yule hakuwa akiona haya. Alikuwa akikinga kipigo. Shangazi aliichapa nzima, akampelekea wakili wa mchukuzi, akapanda kizimbani kuieleza. Mahakama ikalitupa ungamo, mchukuzi akaachiwa huru. Wiki hiyohiyo shangazi alifukuzwa kazi. Alitoka na filamu ndani ya soksi, akafungua studio ya picha za pasipoti, akaiendesha hadi mwaka 2009.

Mwaka 2022, figo zikiwa zimeanza kumsumbua, mtunza maktaba wa gazeti alimtembelea. Walikuwa wakiandaa maonyesho ya picha za kesi za zamani.

"Bibi, tunaiomba ile filamu. Jina lako tutaliandika kwa herufi kubwa."

"Jina langu liacheni. Andikeni kwamba mlidanganya."

"Hilo si langu kuamua, bibi."

"Basi maliza chai yako uende."

Maonyesho yalifunguliwa yakiwa na picha ileile iliyokatwa, na maneno yaleyale chini yake. Shangazi alidai apelekwe kwa kiti cha magurudumu. Alimsimamisha kila mgeni akimwonyesha picha nzima, mpaka mlinzi akatumwa kumtoa. "Nisukume taratibu, mwanangu," akamwambia. "Wengine hawajaiona."

Alifariki hospitalini tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na mchukuzi yule, leo mzee wa miaka themanini, aliyeketi safu ya mbele pamoja na familia. Gazeti limeleta shada la maua. Masahihisho halijaleta. Picha nzima tumeichapa nyuma ya programu hii ya mazishi. Nendeni nayo nyumbani.

Yeye apumzike. Sisi bado.