Masharubu ya Mwenyekiti

Mimi si mtu wa kusikiliza ya watu. Kwenye basi nilizuia kikohozi tu, nisije nikapitwa na neno. Mbele yangu mama mwenye gauni jeupe alikuwa amembana mchoraji aliyepakata picha ya mwenyekiti wa mtaa.

“Sherehe ya sanaa nimeambiwa jana niiandae, nayo ni leo jioni! Ukumbi mtupu, picha ni hii moja, na mwenyekiti mwenyewe ndiye ataifunua. Mdogo wangu, imekauka?”

“Tangu wiki jana, dada. Haki ya Mungu, hata uilalie.”

Mwanamume akiapa upesi hivyo, mimi hushika pochi yangu.

“Afadhali,” mama akashusha pumzi.

Basi likafunga breki kituoni, mama akaiangukia picha kwa bega. Alipoinuka, mwenyekiti hakuwa na masharubu. Yalikuwa kwenye gauni, mabichi kabisa.