Bi Aida Kibona na Bango la Banda la Nguruwe

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bi Aida Kibona anastaafu baada ya miaka kumi na saba ya kusimamia nyumba salama yetu hapa Tunduma. Iko mtaa gani? Hilo hulijui na wala hutaambiwa. Mimi ni mlinzi wake, na mke wangu mpaka leo anajua nalinda ghala la mahindi.

Bi Aida alianza mwaka 2008 na magodoro manne, birika moja na chafya. Akipiga chafya, foleni ya malori mpakani inasogea. Chai yake ni sukari iliyomwagiwa maji ya moto kidogo. Ila kwa kazi, mama huyu hana mfano.

Nyumba yetu inapokea wanawake na mabinti waliofanyiwa ukatili wa kingono. Shida ilikuwa moja: kila mfadhili alilipia miezi mitatu, halafu mtu afungashe, arudi kulekule alikokimbia. Elina alitufikia kutoka machimboni, alikofanyiwa ubaya na bosi wake. Miezi mitatu ilipokwisha, alikuwa bado analala na viatu, tayari kukimbia.

Bi Aida akapanda basi mpaka Vwawa, kwenye semina ya wafadhili. Bwana Danford, afisa miradi, alikuwa anaonyesha ukutani uzuri wa miezi mitatu. Bi Aida akasimama.

"Mwanangu Danford, mama yako alikubeba miezi tisa, na wewe hakuna aliyekuwa amekuumiza."

Ukumbi mzima ukakodolea macho soda zake. Danford akaongeza mwaka mmoja, pamoja na mtaji wa nguruwe kule Ihanda wa kulipia kodi ya nyumba baadaye. Sharti: jengo la mradi liwe na bango kubwa, lipigwe picha.

Sasa nyumba ya kujificha utaiwekaje bango? Bi Aida alisoma mkataba mara mbili, akavaa miwani, akausoma tena. Banda la nguruwe nalo si jengo la mradi? Bango likasimamishwa pale, herufi kubwa kama za sinema: NYUMBA SALAMA YA WANAWAKE, KWA HISANI YA WAFADHILI. Watu wa Ihanda wakasema nguruwe wa Aida wamezaliwa na bahati. Danford alikuja na kamera, akakata utepe kwa heshima zote. Nguruwe jike, tunayemwita Bi Mkubwa, akaula.

Miezi haikupita mingi, yule bosi wa machimboni akaanza kumtafuta Elina. Akaulizia nyumba salama, akaelekezwa kwenye bango. Akafika saa sita mchana na pikipiki, akaruka uzio kwa fujo. Bi Mkubwa alikuwa amezaa siku nane tu zilizopita na hakutaka wageni. Bwana yule alipanda bango kwa kasi ambayo machimboni hajawahi kuionyesha. Polisi wa dawati la jinsia, waliokuwa wanamtafuta tangu mwaka uliotangulia, walipoitwa na majirani walimkuta juu, amekumbatia neno HISANI.

Walimshusha na kumkamata, na baadaye alifungwa. Jioni ya siku ile, habari ya kukamatwa kwake ilipofika, Elina alivua viatu.

Danford aliposimuliwa alicheka. Akaenda kuwabana wakubwa zake, akarudi na fedha za miaka kumi, bila bango. Nyumba tukanunua, ni yetu. Anayetaka kukaa miaka mitatu anakaa, na nguruwe wanalipia unga. Funguo za Bi Aida anazichukua Elina Jumatatu.

Bi Aida, tulitaka kuandika jina lako ukutani ukagoma, kwamba nyumba haitajwi. Sawa. Tumelipaka rangi lile bango la Ihanda, sasa linasomeka: BANDA LA BI AIDA KIBONA. Kama limekuudhi, njoo ulifute mwenyewe. Brashi anayo Elina, na sukari tumeshanunua kilo tano.

Ahsante, mama. Nenda kalime viazi vyako Ibaba, Mungu akupe mgongo usiouma na majirani wanaovumilia chafya.

Sadoki, mlinzi wa ghala la mahindi