Wa Thelathini na Saba kwenye Orodha

Ndani ya tramu ya kwenda mtaani kwetu Coburg, jirani yangu Bi Lorraine alimwinamia msichana asiyemjua, aliyekuwa akisoma kitabu cha maktaba. "Mwanangu, huyo binti aliyelala miaka mia anabusiwa ukurasa wa ngapi?"

"Habusiwi, bibi. Humu anaamka mwenyewe, anamtimua mwana wa mfalme."

"Hee! Kumbe ni wewe unayekikalia! Mimi wa thelathini na saba kwenye orodha ya kukisubiri, na maktaba yetu inafungwa kabisa Ijumaa."

"Nimebakiza kurasa kumi tu, jamani."

Wakubwa wetu wa serikali hodari sana wa orodha. Marehemu mke wangu alikuwa wa kumi na mbili kwenye ile ya upasuaji. Bado wanamtumia barua avumilie.

"Basi soma kwa sauti," Bi Lorraine aliamuru.

Msichana akaanza kusoma. Tramu ikasimama kituoni kwetu. Bi Lorraine hakuinuka. Nami, nisiyependa vitabu, sikuinuka.